Umekamatwa na zimwi? Kubali radi ya mwenzako

Kwa wanaocheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons: mhusika wako akinaswa na zimwi, mwombe mchawi wa kundi lenu akupige wimbi la radi (uchawi uitwao Thunderwave), nawe usirushe kete ya kujikinga. Sheria za 2024 zinasema wazi kwamba unaweza kuchagua kushindwa. Utaumia zaidi (2d8, yaani jumla ya kete mbili za pande nane, kwa uchawi wa kiwango cha 1; wastani 9), ila unasukumwa futi 10, na ukishatoka pale mkono wa zimwi unapofika, umeachiwa. Ukijikinga ukafaulu unaumia nusu na bado umeshikwa palepale, hasara tupu!

Mchawi asimame ubavuni, zimwi lisiingie kwenye eneo la radi, la sivyo nalo linaweza kusukumwa pamoja nawe. Lenye mikono mirefu huenda bado likakufikia. Ukiwa na uhai wa 16 kushuka chini, acha, maana kete hizo mbili zinaweza kufika 16. Vilevile kama unashikilia uchawi unaohitaji umakini, maumivu yanaweza kuukata. Mnaotumia sheria za 2014, humo hakuna ruhusa ya jumla ya kushindwa kwa hiari. Kubalianeni na msimamizi wa mchezo kabla pambano halijaanza.