Ajali ya msumeno wa dingdong: pima kwanza, ndipo uandike chanzo

Mwongozo huu ni wa wasimamizi wa dingdong, yaani mashine ndogo za kupasulia magogo kwa msumeno wa duara, kuanzia Mafinga hadi Njombe, pale mtu anapoumizwa na banzi lililorushwa na msumeno na wengine wanataka kuandika kuwa chanzo ni "uzembe" wake.

Hatua ya 1. Zima injini, na majeruhi akishapelekwa hospitali, vua beliti. Usifagie unga wa mbao, usinoe meno. Kesho yake, saa ileile, piga picha kutoka aliposimama, kwa kimo cha macho yake. Ukungu wa asubuhi Mufindi hubadilisha sana kile mtu anachokiona.

Hatua ya 2. Kagua kisu cha nyuma, lile bamba la chuma linalozuia mpasuo usiubane msumeno. Usawa wa meza, kisiwe mbali na meno zaidi ya milimita 8. Kiwe kinene kuliko bamba la msumeno, chembamba kuliko mpasuo. Pima pia meza: kwa kazi ya kusukuma kwa nguvu, iwe sentimita 15 hadi 40 chini ya kiwiko. Ikishuka zaidi, mtu anainama na uso unasogelea meno.

Hatua ya 3. Piga hesabu ya muda. Hapa ndipo neno "uzembe" huanguka. Msumeno wa kipenyo cha sentimita 60, ukizunguka mara 1,500 kwa dakika, meno yake huenda takribani mita 47 kwa sekunde. Mpasuo ukibana, meno ya nyuma hulinyanyua banzi na kulirusha kwa msukumaji kwa kasi inayoweza kukaribia hiyo. Akiwa mita 2, linamfikia kwa sekunde 0.04. Mtu aliye macho kabisa huhitaji kama sekunde 0.2 hata kuanza kusogea. Andika wazi: asingeweza kukwepa.

Na kauli ya mwenzake, "nilimpigia kelele ajihadhari", pia ipimwe. Kwenye mashine kama hiyo, mkilazimika kupaza sauti mkiwa mita 1, kelele ya mashine imefika desibeli 90 hivi; huenda onyo hakulisikia.

Hatua ya 4. Hoji mmojammoja. Usiulize "kwa nini hukuwa makini?" Uliza: "Ulikuwa unaona nini? Kama kisu cha nyuma kilitolewa, kilitolewa lini, kiliwasumbua nini?" Huenda utaambiwa utomvu wa paini uliganda kwenye kisu, gogo likawa linakwama, na kwa kuwa malipo ni kwa idadi ya mbao, kisu kikatolewa. Chanzo ni hicho.

Hatua ya 5. Toa taarifa OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi), na madai ya fidia WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi). Kisu kirudi kikiwa na unene sahihi, na kila mapumziko, injini ikiwa imezimwa, utomvu ufutwe kwa mafuta ya taa. Muda huo ulipwe, la sivyo kisu kitatolewa tena.