Kasha la akriliki: mpe fundi maelezo, sio kipimo tu

Babu alituachia jahazi la mfano alilochonga mwenyewe, tanga la kitambaa cha marekani, kamba kazisokota kwa vidole vyake, na kwa miaka likakaa juu ya friji likila vumbi na mvuke wa jikoni mpaka tanga likawa rangi ya chai. Nikaamua kulitengenezea kasha la akriliki, ile plastiki ngumu inayopitisha macho kama kioo. Nikapima omo (mbele) mpaka tezi (nyuma), sentimita 62, nikamwambia fundi anipe la 70, nikajiona mjanja. Kasha likaja linang'aa kama maji, jahazi haliingii. Foromali! Foromali, ule mti unaobeba tanga, inalala mshazari na ncha yake inapita mbele ya omo, ukipima mbao peke yake hujapima jahazi. Ncha mpaka mwisho wa tezi ilikuwa 81. Lile kasha sasa hivi mama anafunikia maandazi.

Basi kabla hujaenda kokote weka kitu chako mezani kama kitakavyokaa, na stendi yake, upime pale kinapotokeza zaidi, urefu, upana na kimo, halafu ongeza kama sentimita 4 kila upande ili mkono upite na macho yaone kitu chenyewe badala ya kuona kuta. Mimi siku hizi nakata boksi la karatasi la saizi ile nakivalisha kwanza. Linachekesha lakini linasaidia.

Na ukimpa fundi kipimo sema ni cha NDANI. Hapa watu wengi wanaumia kimya kimya, umeandika 90, yeye kakata 90 kwa nje, unene wa kuta umekula humohumo. Jahazi langu lilitaka ndani 90 kwa 32 kwa kimo 75, akriliki ya milimita 6, kwa hiyo kwa nje ikawa 91.2 kwa 33.2. Shiti ya futi 4 kwa 8 moja ilitosha ikabaki vipande, nikavidai, ni vyako hivyo ushalipia.

Unene usiachiwe bei peke yake iamue. Kikasha cha upande wa sentimita 20 hivi, milimita 3 inatosha. Ukifika sentimita 50, 60 nenda milimita 5, kuzidi hapo 6 au 8, maana kuta ndefu nyembamba zinapinda taratibu na juu panabonyea, miezi michache mbele unaona taa ya dari imejikunja kwenye akriliki. Uzito nao piga hesabu, akriliki ya milimita 6 ni kilo 7 na kidogo kwa mita ya mraba, kava la jahazi (kasha bila kitako) likawa kilo 15. Lingekuwa la kioo cha unene uleule lingepita 30 na hakuna mtu angelinyanyua kufuta vumbi. Kwangu hiyo ndo sababu kubwa ya kuchagua akriliki, hayo mambo ya kupitisha mwanga asilimia 92 ni kweli ila kioo kizuri nacho hakiko mbali.

Shiti zenyewe ziko aina mbili, moja inamiminwa katikati ya vioo viwili ikagandia humo, wengi wanaiita kasti, nyingine inasukumwa na mashine kama tambi. Ya tambi ni ya bei rahisi ila inabeba msongo ndani, yaani mvutano uliobaki humo, ukiigundisha au ukiitoboa hovyo inachanika nyufa ndogo kama nywele. Kwa kasha dai kasti. Na uangalie usipewe polistairini, plastiki nyingine, ukaambiwa ni akriliki, gonga kwa ukucha, ile inalia juujuu kama bati na inavunjika kirahisi, baada ya muda inageuka njano. Polikaboneti, nayo plastiki, ni ngumu kweli, nyundo haiivunji, lakini inachubuka ukiitazama vibaya, hiyo iache kwenye paa na kofia za pikipiki.

Gundi sasa. Fundi akitoa supaglu mzuie, pembeni inaacha ukungu mweupe usiotoka. Gundi ya akriliki ni nyepesi kama maji, inaingizwa na bomba la sindano inatambaa yenyewe kwenye maungio na kuyayeyusha yakawa kitu kimoja, ikifanywa vizuri unaona mstari safi bila mapovu. Kosa jingine liko kwenye kusafisha, shiti ikishakatwa na leza kingo zake zina msongo, mtu akizifuta na spiriti zinapasuka hapohapo au kesho yake. Sabuni na maji, basi.

Kasha langu la pili lilikuwa dogo, la hela za bibi. Hela kwelikweli, heller 20 za Mjerumani zilizopigwa Tabora mwaka 1916 Waingereza walipoziba pwani na sarafu kutoka Ulaya haziji tena (neno hela lenyewe tumelitoa hapo). Fundi wa hilo akaziba maungio na silikoni ile inayonuka siki, na kitako akaweka MDF tupu (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa na gundi) akaivalisha kitambaa. Nikaona pazuri kabisa. Baada ya miezi miwili hivi ukingo wa sarafu moja ukaanza kuota unga wa kijani. Harufu ya siki ni asidi, na MDF na mbao nyingi zinatoa mvuke wa namna hiyohiyo polepole, kwenye chumba wazi hauna neno unapotea, ila ukishafunga kasha umeufungia pamoja na shaba yako. Silikoni ichukuliwe ile isiyonuka siki. Kitako cha kitu cha madini kiwe akriliki hiyohiyo, au kama ni mbao ipakwe rangi vizuri ikae wiki kadhaa ikauke kabisa kabla hujaweka kitu.

Unyevu, hasa sisi wa pwani. Madini yanataka ukavu, kwa hiyo acha nafasi chini ya kitako kwa vile vipakti vya silika unavyovikuta kwenye maboksi ya viatu, vinajaa unyevu kwa hiyo vinabadilishwa, sio unaweka unasahau. Mbao na ngozi usizifanyie hivyo, zikikauka sana zinapasuka. Jahazi niliwekewa tundu nne ndogo nyuma, zimezibwa na nailoni ya soksi vumbi lisipite.

Mahali pa kuliweka: pasiwe na jua la dirishani. Iko akriliki maalum inayozuia miale ya urujuanimno (UV, ile ya jua isiyoonekana), ukiwa na kofia ya mkono au karatasi za zamani ilipie, lakini hata hiyo haizuii mwanga wenyewe, na mwanga unakula rangi. Makumbusho vitu kama hivyo wanaviwekea mwanga wa laksi 50 tu (laksi ni kipimo cha mwanga), ni kagiza kabisa. Na chetezo cha udi kikae mbali, akriliki inawaka moto.

Fundi wa pili wa jahazi nilimtumia meseji hii, inakili ubadilishe namba: "Fundi salama, nataka kava la pande tano bila chini, vipimo vya NDANI 90 x 32 x kimo 75, akriliki kasti safi mm 6, kingo zipigwe polishi, gundi ya akriliki ile nyepesi sio supaglu, usifute na spiriti, karatasi ya juu inayolinda shiti usibandue, kitako mbao yenye mfereji wa kuingia kava, mfereji uzidi mm 2 maana akriliki inatanuka na joto, skrubu mbili nyuma ili watoto wasinyanyue." Akajibu "sawa bosi" tu, na akalileta kama nilivyotaka.

Karatasi ya juu ibandue mwenyewe nyumbani mwishoni kabisa. Vumbi usilifute kavu, linachubua, lowesha kitambaa laini cha pamba (kanga kuukuu haina mpinzani) na tone la sabuni ya vyombo, dawa ya vioo yenye amonia usiisogeze. Halafu liache wazi siku kadhaa harufu ya gundi iishe kabla ya kuweka kitu ndani. La kwetu lilikaa sebuleni siku nne tupu, wageni wanainama kuchungulia na kuuliza humu mmeweka nini.