Gari Lilale au Lilinde? Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuliacha Maegeshoni

Gari la umeme likishafungwa, kawaida yake ni kulala. Ukisimama pembeni dakika chache kukiwa kimya, katika magari mengi utasikia "tak" kutoka chini ya sakafu. Ni swichi nzito zinazoitenga betri kuu na sehemu nyingine zote za gari. Kuanzia hapo chaji inashuka kwa kudonadona, asilimia moja kwa siku au pungufu. Ukiwasha kamera za ulinzi, zile za gari zinazotazama wanaolikaribia likiwa limeegeshwa, hiyo "tak" huisikii, kwa sababu gari halilali.

Wengi hulaumu kamera, lakini kamera yenyewe haili sana. Mlaji hasa ni kompyuta. Picha zikiingia mfululizo lazima ziwe na wa kuzitazama, aamue kama yule aliyekaribia ni mpita njia tu au ni mtu anayechungulia dirishani. Kazi hiyo mara nyingi hupewa kompyuta kubwa ya gari, ileile inayomsaidia dereva barabarani, na ikiwa macho vifaa vingine kadhaa hukesha nayo. Ulinzi huu Tesla waliuleta mwaka 2019 kwa jina la Sentry Mode, Rivian wanauita Gear Guard, na watengenezaji wengine wana majina yao. Kwenye Tesla nyingi, wamiliki waliopima wamekuta matumizi ya kati ya wati 200 na 300, ingawa masasisho ya programu yameyapunguza kwa baadhi ya magari.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, piga hesabu. Wati 250 kwa saa 24 ni kilowati-saa 6. Kwa betri ya kilowati-saa 60, hiyo ni asilimia 10 kila siku. Ukiliacha gari na asilimia 80, siku ya sita litakuwa na 20. Kwenye Tesla, chaji ikishuka chini ya 20 ulinzi hujizima wenyewe. Sasa fikiria safari yako ni ya siku kumi. Siku nne za mwisho gari limekaa bila mlinzi, wewe huko uliko ukijua lina mlinzi, na ukirudi usiku na mizigo unaanza kutafuta chaja. Binafsi naona hilo la kuzimika kimyakimya ni baya kuliko chaji yenyewe iliyopotea. Afadhali uzime kamera tangu mwanzo ukijua umezima. Na usidhani kila gari lina kikomo cha namna hiyo. Fungua kitabu cha gari lako utafute asilimia ambayo ulinzi hukatika, na kama hukuiona, chukulia kwamba haipo.

Namba yangu ya wati 250 isikutoshe, pima ya kwako. Usiku ukishafunga gari, andika asilimia na saa kwenye karatasi. Usiguse simu mpaka asubuhi, kisha andika tena. Fanya hivyo usiku mmoja kamera zikiwa zimewashwa na usiku mwingine zikiwa zimezimwa. Nasema usiguse simu kwa sababu kila ukifungua programu ya gari kuchungulia chaji, unaliamsha gari lililolala, nalo halirudi kulala papo hapo. Kuna watu hulalamika gari "linavuja" chaji, kumbe ni wao wanaolibishia hodi mara ishirini kwa siku. Programu za watu wengine ulizoziruhusu kusoma taarifa za gari nazo hufanya hivyohivyo, usiku kucha, bila wewe kujua. Kama unalaza gari kwa wiki mbili, ziondolee ruhusa kwanza.

Kama mahali unapoegesha pana chaja, chomeka, weka kikomo cha kuchaji cha kila siku, mambo yameisha.

Pasipo na chaja, angalia walaji wengine waliojificha kwenye mipangilio. Kuna kipengele cha kuzuia joto kali ndani ya gari. Kwenye Tesla kinaweza kuendesha feni au kiyoyozi hadi saa 12 baada ya wewe kutoka, na juani hicho pekee kinaweza kuipita kamera kwa ulaji. Kuna ratiba ya kupasha au kupoza gari kabla ya safari ya asubuhi, ambayo itaendelea kutekelezwa kila siku hata kama dereva yuko mbali. Kwenye Tesla unaweza pia kuiambia Sentry isijiwashe nyumbani au kazini, maana kulinda gari lililo ndani ya geti lako ni kuajiri mlinzi wa mlinzi.

Kamera uliyoinunua dukani na kufungiwa na fundi ni habari nyingine. Hiyo kwa kawaida hula kwenye betri ndogo ya volti 12. Hapa watu wengi hushtuka, kwa sababu wanaona betri kuu ina asilimia 70 na wanaamini wako salama. Betri ndogo ndiyo inayofungua milango, kuwasha skrini na kuzivuta zile swichi nzito zilizolia "tak". Ikifa, chaji yote ya chini ya sakafu imefungiwa stoo na ufunguo uko ndani. Yapo magari yanayoichaji betri ndogo kutoka kubwa kila inaposhuka, hata yakiwa yameegeshwa, na yapo yasiyofanya hivyo inavyotakiwa. Mwulize fundi mambo mawili: kamera inakata umeme ikifika volti ngapi, na inarekodi muda wote au inapotikiswa tu. Akisema haina kikomo cha kukata, mwambie aweke. Na ujue mapema mlango hufunguliwaje kwa mkono betri ndogo ikifa, kwani kusoma kitabu kilichofungiwa ndani ya gari haiwezekani.

Usisahau pia kwamba kamera inaona na wasiohusika. Mwaka 2023 mamlaka ya faragha ya Uholanzi ilitangaza kwamba, baada ya uchunguzi wake, Tesla ilibadilisha mipangilio ya Sentry ili kulinda zaidi faragha ya wapita njia.

Mwisho kabisa ni flashi, ile inayochomekwa ndani ya gari kuhifadhi picha za kamera. Kula asilimia 10 kwa siku kisha ukute haikurekodi chochote kwa kuwa imejaa au imeharibika, hiyo inauma. Jioni ya kabla ya safari washa ulinzi, zunguka gari, lisukume bega kidogo, halafu chomoa flashi uisome kwenye kompyuta. Ukijiona unapita nyuma ya buti, irudishe mahali pake ufunge mlango.