Jirani Anapoulizwa Uraia Wake: Namna ya Kumsaidia Kukusanya Ushahidi

Mkoani Tanga swali la "kwenu wapi?" huulizwa kwa wema msibani na harusini, lakini likiulizwa na ofisa mwenye fomu mezani, mtu mzima huanza kutafuta maneno. Huwapata zaidi Wadigo na Wasegeju wa Mkinga, ambao jamaa zao wamebaki Vanga na Lungalunga, upande wa Kenya, tangu Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi mwaka 1886, na wajukuu wa manamba walioletwa kukata mkonge kutoka Burundi, Rwanda na Msumbiji. Ikiwa jirani yako yumo katika hali hiyo, msaidie kabla hajaitwa Uhamiaji, maana ushahidi wa haraka huwa na mapengo.

Anza na wazee, wala usianze na karatasi. Mkalishe bibi au mjomba aliye hai, umwulize kitovu cha mhusika kilizikwa wapi, nani alikuwa mkunga, shamba lilipakana na la nani, na babu alizikwa makaburi yapi. Usimdai mwaka, mwulize kama ilikuwa kabla ya uhuru au baada yake, kabla ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa au baadaye, nawe ndiwe utakayepanga miaka. Andika kama anavyosema, hata majina ya mahali yaliyokwisha kubadilika, kisha umsomee alichosema mbele ya mtu mwingine wa rika lake, kwa sababu wazee hukumbushana.

Hoja kubwa ni mahali walipozaliwa wazazi. Tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyezaliwa Tanganyika, akiwa chini ya himaya ya Uingereza, alipata uraia papo hapo iwapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Kwa hiyo mtoto wa manamba aliyezaliwa kambini, baba na mama wote wakiwa wametoka ng'ambo ya mpaka, hakuingia katika kundi hilo, hata kama hajawahi kulala nje ya Muheza usiku mmoja. Naliona jambo hili kuwa gumu kuliko yote, na ndiyo sababu nasisitiza utafute kwa bidii habari za mama, ambaye familia nyingi humsahau zinapotaja ukoo: huenda alikuwa Mbondei wa hapa hapa.

Baada ya hapo fungueni sanduku. Kipande cha mkonge (kadi ya kazi ya manamba), kadi ya kliniki, hati ya ndoa, cheti cha shule, stakabadhi ya kodi na kadi ya chama vyote vina kazi. Nimewahi kushika kadi ya TANU ya bibi mmoja, imefungwa ndani ya pindo la leso, kingo zimeliwa na mende, ila jina na tawi vinasomeka. Karatasi ile ilimweka mahali fulani, wakati fulani, jambo ambalo maneno matupu hayawezi. Toeni nakala, na asili ibaki nyumbani mpaka itakapotakiwa kuonyeshwa. Jina likiandikwa Hamisi huku na Khamis kule, msilifute wala kulirekebisha kwa kalamu. Wakili au hakimu ataandaa hati ya kiapo. Asiye na cheti cha kuzaliwa aombe usajili wa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, kupitia ofisi ya wilaya.

Shahidi aseme alichokiona. "Nilisoma naye, mama yake alimzalia nyumba ya tatu kutoka kwetu" ni ushahidi. "Huyu ni Mmakonde wa Msumbiji, sura yenyewe inasema" ni chuki, na mwenyekiti wa kitongoji asikubali kuiandika. Kabila si uraia. Baada ya sensa ya mwaka 1967 Watanzania hatuhesabiwi kwa makabila, na hatuna sababu ya kuyarudisha kwa mlango wa nyuma. Nchini Kenya, Wamakonde wa Kwale walikaa miongo mingi bila vitambulisho mpaka mwaka 2016 walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao.

Mwulizeni pia, kwa faragha, kama ana kitambulisho cha Kenya. Wengi wa mpakani huchukua viwili kwa ajili ya kazi au hospitali, lakini sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na kulificha jambo hilo humharibia hata yale yaliyo ya kweli.

Ikibainika kwamba kweli si raia, asitungiwe babu wa Pangani. Njia ya tajnisi, yaani mgeni kuomba na kupewa uraia, ipo: Wazigua wa Chogo, wilayani Handeni, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani mpaka bonde la Juba, walikimbia vita vya Somalia na wengi wao wamepewa uraia hapa. Siku ya kwenda Uhamiaji mfuate, ubebe nakala mbili za kila kitu, uombe nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, na jibu lolote la kukataliwa mliombe kwa maandishi, lenye sababu na tarehe.