Nadharia mbili, usaili mmoja: gawanya kazi kabla ya kwenda zahanati

Ukichunguza kwa nini afua ya afya (mpango wa kuboresha huduma) inashika zahanati moja ya wilaya ya Chamwino, Dodoma, na kulegea nyingine, nadharia moja mara nyingi haitoshi. CFIR (Consolidated Framework for Implementation Research, 2009), mfumo wa kuchunguza utekelezaji wa afua, inakuonyesha mazingira: afua yenyewe, nje ya kituo, ndani ya kituo, watu na mchakato. NPT (Normalization Process Theory), nadharia ya jinsi jambo jipya linavyogeuka kuwa kazi ya kawaida, inakuonyesha kazi wanayoifanya watu: kuielewa afua, kujitoa kwayo, kuitenda pamoja, kuitathmini.

Tatizo kubwa ni kuziunganisha baada ya kukusanya data. Ushahidi mmoja unahesabiwa mara mbili, na matokeo yanaonekana mazito kuliko yalivyo. Andika mapema swali ambalo kila nadharia italijibu. Tuseme muuguzi wa kliniki ya wajawazito anasema: "Siku ya kliniki niko peke yangu, presha nawapima wale waliovimba miguu tu." Nusu ya kwanza ni uhaba wa watumishi, ipeleke CFIR, mazingira ya ndani. Nusu ya pili ni jinsi alivyoipanga upya kazi, ipeleke NPT. Kanuni hiyo iingie kwenye kitabu cha misimbo (orodha ya lebo za kuainisha maneno ya wasailiwa) pamoja na mfano wake.

Kisha watu wawili waweke misimbo kwenye nakala tatu zilezile za usaili ulioandikwa, kila mmoja peke yake, kwa Kiswahili kilekile kilichosemwa. Wakitofautiana, rekebisheni kanuni kwanza, ndipo muendelee na nakala nyingine.

Mwongozo wa usaili usizidi maswali 12 hivi. Muuguzi ana foleni nje, na haki yake ni kurudi kwa wajawazito mapema.