Kuwasha mashine pepe kwenye kompyuta ndogo ya mezani bila kuunguza umeme bure

Mwongozo huu ni wa kompyuta ndogo inayoachwa ikiwaka usiku na mchana, ikiendesha Linux na mashine pepe (kompyuta za programu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) mbili tatu juu ya KVM, uwezo wa kuendesha mashine pepe uliomo ndani ya Linux yenyewe. VirtualBox, programu nyingine ya mashine pepe, inatosha kwa majaribio ya mchana mmoja. Kwa kazi ya kudumu, KVM.

Hatua ya 1: BIOS

Ingia BIOS, yaani menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Linux haijawaka. Kwa prosesa ya Intel, washa "Intel Virtualization Technology" na "VT-d". Kwa AMD ni "SVM Mode" na "IOMMU". Ya kwanza ndiyo inayoendesha mashine pepe. Ya pili unaihitaji tu ukitaka kuikabidhi mashine pepe kifaa halisi. Ukiwa humo humo, washa "C-States" (viwango vya usingizi wa prosesa isipokuwa na kazi), na kwenye mpangilio wa umeme ukikatika chagua "Last State" ili mashine iwake yenyewe umeme ukirudi. "ErP" izime kama utaiwasha mashine kwa Wake-on-LAN, yaani kwa ujumbe kupitia mtandao: kazi ya ErP ni kukata umeme mashine ikiwa imezimwa, kwa hiyo kadi ya mtandao nayo haisikii kitu.

Hifadhi, zima kabisa, chomoa waya kwa sekunde chache. Baadhi ya mashine hazishiki badiliko hili kwa kuwashwa upya tu.

Hatua ya 2: Hakikisha

`ls /dev/kvm`

Faili ikikosekana, rudi BIOS. Usitegemee `lscpu` peke yake. Kwenye kerneli (kiini cha Linux) za zamani huonyesha VT-x, ile "Intel Virtualization Technology", hata BIOS ikiwa imeizima.

Hatua ya 3: Prosesa ilale kweli

Hapa ndipo saa zinapopotea. Zima mashine pepe zote, endesha `sudo powertop` (chombo kinachoonyesha matumizi ya umeme), nenda "Idle stats". Usiishie kwenye safu za kori. Tazama ya "Package", yaani kifurushi: prosesa nzima pamoja. Kori zinaweza kufika usingizi mzito wa C6 au C7 huku kifurushi kizima kimekwama kwenye usingizi mwepesi wa pc2 au pc3, na mashine inaendelea kula umeme ingawa haina kazi.

Mara nyingi mkosaji si prosesa, ni kifaa kimoja cha PCIe (njia za ndani zinazounganisha vifaa na prosesa) ambacho njia yake haishuki usingizini. Mtafute:

`sudo lspci -vv | grep -E '^[0-9a-f]|LnkCap:|LnkCtl:'`

LnkCap inasema kifaa kinaweza nini, LnkCtl inasema kimewashwa nini. ASPM ni mpangilio wa kulaza njia ya PCIe, na L1 ni kiwango chake cha usingizi. Ukiona LnkCap ina "ASPM L1" lakini LnkCtl ni "ASPM Disabled", umempata. Anza na kadi ya mtandao na diski ya NVMe.

Dawa ya kwanza ni BIOS: tafuta ASPM, iwe "Auto" au "L1". Ya pili:

`echo powersave | sudo tee /sys/module/pcie_aspm/parameters/policy`

Ikijibu "Operation not permitted", maana yake BIOS imeiambia kerneli isiguse ASPM. Hapo wengi hukimbilia `pcie_aspm=force`, kigezo cha kuwashia kerneli kinacholazimisha ASPM. Inafanya kazi, lakini kuna kadi za mtandao zinazokata mawasiliano ovyo, na kuna mashine zinazoganda wakati wa kuwaka. Usiijaribu ukiwa umeingia kwa mbali kupitia SSH. Chomeka skrini na kibodi, kisha iongeze kwa kubonyeza `e` kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla Linux haijawaka. Ikigoma, kuwasha upya kunaifuta. Iandike kwenye `/etc/default/grub` baada ya siku kadhaa za utulivu tu.

`powertop --auto-tune` siipendi: inalaza hata kibodi na mausi za USB, na herufi za kwanza zinapotea. Badilisha kimoja kimoja kwenye "Tunables".

Hatua ya 4: Kasi

Kwenye `intel_pstate`, kiendeshi cha kasi ya prosesa za Intel, acha mpangilio wa "powersave". Kasi bado inapanda kazi ikija.

Hatua ya 5: Pima

Tumia kipima wati cha kwenye soketi. Makadirio ya powertop hayahesabu hasara ya adapta. Ng'oa skrini, acha mashine itulie dakika kumi, soma namba. Kisha washa mashine pepe moja baada ya nyingine, ukisoma tena kila mara: ile inayopandisha namba ilhali haina kazi ndiyo ya kufunguliwa na kukaguliwa.