Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha Pikipiki Yako

Pikipiki nyingi zinazotumika Afrika Mashariki, ziwe za bodaboda au za safari za nyumbani, zina injini ya silinda moja ya cc 100 hadi 150 inayopozwa kwa upepo. Muundo huu ni rahisi, na mwendeshaji mgeni anaweza kuukagua mwenyewe kila asubuhi kabla hajatoka, bila kusubiri fundi. Nasisitiza neno kabla kwa sababu fundi huitwa pale kitu kinapokuwa kimeshaharibika, na kwa chombo cha magurudumu mawili baadhi ya hitilafu hujitokeza ukiwa tayari katikati ya barabara.

Anza na tairi wakati bado zimepoa, kwa kuwa upepo hupanuka tairi ikipata joto na kipimo kikawa cha uongo. Kiwango kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi pia kwenye kibandiko kilicho mwilini mwake. Utaona kwamba tairi ya nyuma huhitaji upepo mwingi zaidi, hasa unapobeba abiria au mzigo. Zungusha kila gurudumu taratibu, utafute misumari, nyufa na spoki zilizolegea.

Breki zikaguliwe kwa mkono na kwa mguu, pikipiki ikiwa imesimama na kisha ikiwa katika mwendo mdogo. Kwenye breki za ngoma, tazama mshale mdogo ulio kwenye mkono wa breki pembeni mwa gurudumu: ukibonyeza breki na mshale ukapita alama ya mwisho, viatu vya breki vimekwisha na kukaza nati hakutasaidia tena. Baada ya kuvuka maji, bonyeza breki kidogokidogo huku ukienda polepole mpaka zikauke na kushika.

Cheni ndiyo inayodai uangalifu kuliko vyote, na ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote. Ishike katikati, sehemu ya chini, uisukume juu na chini. Kwa pikipiki nyingi za aina hii mchezo wake, yaani umbali inaopanda na kushuka, huwa kati ya milimita 20 na 30, ingawa kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu chako. Sukuma gurudumu mbele kidogo na upime tena mahali kadhaa, kwa kuwa cheni haichakai sawasawa, kisha urekebishe kwa kufuata pale ilipokaza zaidi. Wengi huogopa cheni iliyolegea wakaikaza mno, lakini abiria akipanda na shokapu zikashuka, cheni ya namna hiyo hujivuta zaidi, ikaumiza beringi na meno ya sproketi. Unapoirekebisha, legeza nati ya ekseli, kisha uzungushe virekebishio vya kulia na kushoto kwa kiasi kilekile, ukilinganisha alama za pande zote mbili ili gurudumu lisikae upande. Ukishamaliza, kagua upya breki ya nyuma, maana gurudumu likirudi nyuma fimbo ya breki nayo hujivuta, na breki inaweza kuanza kushika bila kubonyezwa. Kama cheni yako ina kufuli ya kubana, yaani kiungo chenye klipu kinachounganisha ncha zake mbili, upande wa klipu uliofunga uelekee kule cheni inakokwenda. Kuipaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ni mazoea mabaya, kwa sababu oili hiyo ina chembe za chuma zinazosaga viungo. Isafishe kwanza kwa mafuta ya taa na brashi, uifute, kisha upake oili safi ya gia, SAE 90, kwa kiasi kidogo.

Oili ya injini ipimwe pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi kubwa, mahali tambarare, dakika chache baada ya kuzima. Klachi ya pikipiki hizi imezama ndani ya oili hiyohiyo, hivyo baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Tafuta chombo chenye alama ya JASO MA, kiwango cha oili zinazofaa klachi ya namna hii. Pikipiki ikiwa mpya kabisa, usichelewe kumwaga oili ya kwanza, kwa sababu vyuma vinavyozoeana huacha chembe nyingi ndani yake.

Washa taa, indiketa na honi, uhakikishe taa ya breki inawaka kwa mkono na kwa mguu. Ukiishi penye barabara ya vumbi, fungua kichujio cha hewa mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema: cha sponji huoshwa, kikakaushwa na kupakwa oili kidogo, bali cha karatasi hakioshwi, hubadilishwa.

Chini ya kiti weka spana ya plagi, plagi ya akiba, bisibisi, plaizi na kufuli moja ya cheni, pamoja na daftari dogo la kuandika kilomita zilizosomeka siku ulipobadilisha oili, cheni na viatu vya breki.